Viti vinne, watu kumi na watano

Daftari la Bi Hesabu: maswali ya wasomaji kuhusu fedha za umma na za nyumbani. Anayejibu ni mhasibu mstaafu, mzaliwa wa Tanga, ambaye sasa anaishi Pennsylvania, Marekani.

SWALI

Jambo sana Mama. Mimi ni baba wa watoto wanne, nilizaliwa Bukavu, na sasa niko natumika kwenye kiwanda cha kuku hapa kaunti ya Lancaster. Kata yetu ina nyumba karibu 4,000. Zimamoto yetu yote ni watu wa kujitolea. Wamebaki 45 kwenye orodha, na mwaka jana waliitwa mara 400 hivi. Mwezi uliopita palikuwa na mkutano wa kujadili kama tuajiri wazimamoto wa mshahara. Bwana wa kwanza akasimama akasema kazi yote ya hawa watu kwa mwaka haizidi dola 167,000. Wa pili akasema hapana, kuwabadilisha kutatugharimu zaidi ya milioni 4. Bibi mmoja wa baraza akasema milioni 1 na nusu. Wengine wakacheka, wengine wakakasirika. Mimi nikachaguliwa kuingia kamati ya kuchunguza, nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimenyamaza. Mama, ni nani alikuwa anadanganya?

Baba wa wanne, Lancaster

JIBU

Jambo sana, baba. Kwanza nimeipenda hiyo "natumika" yako. Kwetu Tanga mtu akisema anatumika tunamwonea huruma, kwenu ndiyo kwanza amepata kazi.

Hakuna aliyedanganya. Nimekaa mezani na kikokotoo na chai ya tangawizi, nikazirudia hesabu za wote watatu, na zote zinafika. Shida ni kwamba kila mmoja alikuwa na swali lake kichwani, akatoa jibu bila kulitaja swali.

Bwana wa kwanza alihesabu saa. Miito 400, kila mwito saa moja, wastani wa watu 12 wanaofika, jumla saa 4,800. Kisha akachukua thamani ya saa moja ya kujitolea, ile inayotangazwa kila mwaka na shirika la Independent Sector, ambayo kwa mwaka 2024 ilikuwa dola 34.79. Ukizidisha unapata dola 166,992. Bwana wa pili alihesabu vichwa. Watu 45, nafasi ya kila mmoja apewe mwajiriwa wa dola 90,000 pamoja na marupurupu yake, ni dola 4,050,000. Yule bibi alihesabu viti. Mimi nipo upande wa bibi, ingawa naye kuna mambo ameyaacha nje ya daftari.

Nilikuwa mweka hazina wa kikosi cha kujitolea kwa miaka tisa. Sikuwahi kushika mpira wa maji hata siku moja. Nadhani umeshaona kwamba hapa Pennsylvania kikosi cha zimamoto mara nyingi si idara ya serikali. Ni chama kama vile vyama vyetu vya kuzikana: kina katiba, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na jengo na magari mara nyingi ni mali yake. Mimi nilikuwa nakaa chumba cha nyuma, kazi yangu risiti.

Jumanne moja, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa nahesabu noti za mauzo ya kuku wa kuchoma wa Jumamosi. Peja, vile vidude vya mfukoni vya kuwaita watu kwenye moto, zikalia: jiko linawaka, nyumba ya ghorofa moja, mama na mtoto wameshatoka nje. Baada ya dakika tatu akaingia dereva, mzee wa miaka 67, fundi bomba aliyestaafu. Akavaa, akafungua lango, akawasha lile gari kubwa, akakaa. Injini inanguruma, taa zinazunguka, viti vingine vyote vitupu. Akanitazama kupitia dirishani, mimi na noti zangu mkononi, akaniuliza kwa uso mkavu kabisa, "Bi, buti unavaa namba ngapi?" Tulicheka wote wawili, lakini macho yake yalikuwa barabarani. Wa pili alifika dakika ya nane. Wakaondoka wawili. Moto ulizimwa na kikosi cha kata jirani, nao walikuja watatu.

Jioni ile nilifungua daftari la miito la mwaka mzima, na kila mwito nikauandikia pembeni idadi ya waliofika. Usiku na Jumamosi zilikuwa namba za kufurahisha: 14, 17, mara moja 21. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi alasiri: 3, 2, 4, 3, 2. Orodha yetu ukutani ilikuwa na majina zaidi ya 40. Wakati huo wote wapo kazini, wengine umbali wa dakika arobaini, na hakuna msimamizi wa ghala anayemwachia mtu aondoke kwa sababu mfuko wake umelia.

Kwa hiyo bwana wa kwanza alichosahau ni kusubiri. Mzimamoto wa kujitolea anasubiri bure. Anasubiri amelala kwake, anasubiri anakula, anasubiri anakata nyasi. Siku utakayomlipa mtu, hizo saa za kungoja ndizo utakazozinunua, na ndizo nyingi kuliko zote. Zile saa 4,800 ni mchuzi tu, sufuria lenyewe hajalipima.

Tuje kwenye viti. Gari moja la kuzima moto, viti vinne: ofisa, dereva ambaye ndiye anayesimamia pampu, na wawili wa kuingia. Kwa nini vinne? Wazimamoto wa hapa wana kanuni ya "wawili ndani, wawili nje". Kwa kawaida wawili hawaingii kwenye nyumba inayowaka mpaka nje wawepo wawili wengine waliokwisha kuvaa, tayari kuwafuata wakikwama. Ukiajiri watatu, umenunua gari linalofika mapema na kusubiri.

Mwaka una saa 8,760. Kiti kimoja kisichobaki kitupu usiku wala mchana kinataka saa hizo zote, na viti vinne vinataka 35,040. Sasa mwajiriwa mmoja anakupa saa ngapi? Ratiba iliyozoeleka ni saa 24 kazini, saa 48 nyumbani. Hiyo ni wastani wa saa 56 kwa wiki, yaani 2,912 kwa mwaka. Lakini binadamu anakwenda likizo, anaugua, anapelekwa mafunzo. Tuseme kwa mwaka anakosa zamu 18 za saa 24, ambazo ni saa 432. Zinabaki 2,480. Gawa 8,760 kwa 2,480, unapata 3.53. Kila kiti kinataka watu watatu na nusu na kidogo. Viti vinne ni watu 14 na sehemu ndogo, na kwa kuwa sehemu ya mtu haivai buti, ni 15.

Andika namba hiyo mahali, baba: viti vinne, watu kumi na watano. Nimekutana na wajumbe wa mabaraza, watu wazima wenye digrii, wanaodhani viti vinne ni ajira nne.

Mshahara. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani inasema Mei 2024 mzimamoto wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu pungufu, alipata dola 59,530 kwa mwaka. Mimi huongeza nusu yake tena kwa bima ya afya, pensheni, fidia ya ajali kazini na kodi ya mwajiri, tunafika karibu 90,000. Hiyo nusu ni makisio yangu. Msiichukue kama msahafu. Nendeni kwenye kata jirani yenye waajiriwa mkaombe bajeti yao, ni nyaraka ya wazi, mtaona kama ni nusu au ni zaidi. Pensheni hasa ndiyo inayowashtua watu, maana deni lake linaendelea hata mtu akishaacha kazi.

Halafu saa za ziada. Sheria ya kazi ya shirikisho inawapa wazimamoto kipimo chao: mwajiri anaweza kuwafanyisha kazi mpaka saa 212 katika siku 28 kabla ya malipo ya ziada. Ratiba ya saa 56 kwa wiki inatoa wastani wa saa 224 katika siku hizo. Kuna 12 zinazomwagikia nje ya kikombe, mwezi baada ya mwezi, hata kama hakuna moto wowote. Kwa watu 15 niwekee dola 25,000, na hapo sijahesabu siku mtu ameugua na mwenzake anabaki zamu. Mkuu wa kikosi mwenye ofisi yake, tuseme 120,000. Jumlisha: 1,350,000, na 25,000, na 120,000. Ni dola 1,495,000. Ndiyo ile milioni 1 na nusu ya bibi. Gawa kwa nyumba 4,000, kila nyumba ni dola 374 kwa mwaka.

Mkichagua ratiba ya saa 42 kwa wiki, ambayo wafanyakazi wengi wataiomba na hawana makosa, viti ni vilevile vinne lakini, mtu akikosa kazi kwa uwiano uleule, watu wanafika 19. Wanne zaidi ni dola 360,000 kwa mwaka, bila kununua hata ndoo moja.

Sasa aliyoyaacha bibi.

Jengo lenu, kama linafanana na letu, lina ukumbi wa bingo, jiko kubwa, na meza za kukunja 60. Halina vitanda. Mtu wa kujitolea analala kwake. Mwajiriwa wa saa 24 anataka mahali pa kulala, bafu, pa kufulia nguo zenye masizi, na bomba la kuvuta moshi wa gari usiingie chumbani. Hizo ni fedha za mara moja, lakini ni nyingi. Tena, kama jengo ni la chama, kata itabidi ilinunue au ilipange. Ulizeni hilo mapema kabla chama hakijakasirika.

Pili, fedha ambazo watu hao wa kujitolea wanazichuma. Wewe upo Lancaster, kwa hiyo umeshaona minada yenu ya matope. Mwezi Machi barafu ikianza kuyeyuka, shamba zima linakuwa uji, Waamishi, wale wakulima Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, wanaleta farasi, mikokoteni ya kale na mashuka ya viraka yaliyoshonwa kwa mkono. Watu wanazama mpaka kwenye vifundo vya miguu, wanabishana bei, na sehemu ya fedha inaingia zimamoto. Mimi nimepika mahindi kwenye minada hiyo mpaka mikono ikanuka siagi kwa wiki. Siku kikosi kitakapokuwa cha mishahara, nani atasimama kwenye tope? Mke wa fundi bomba anauza pai kwa ajili ya kikosi cha mumewe. Kwa ajili ya idara ya kata hauzi, na kwa nini auze? Chukueni taarifa za fedha za chama za miaka mitatu, tafuteni wastani wa harambee zote, na kiasi hicho mkiongeze kwenye gharama. Mara nyingi watu wanakisahau kwa sababu hakijawahi kupita kwenye vitabu vya kata.

Kuna pia ile kodi ya asilimia 2 ya bima ya moto inayokusanywa na jimbo kutoka kampuni za bima za nje ya Pennsylvania, ikarudi kusaidia vikosi. Fedha hizo zina masharti kuhusu wa kujitolea na wa kulipwa. Mwanasheria wa kata awaeleze mgawo utabadilikaje, mimi hapo nanyamaza.

Tatu, na hili ndilo zito. Watu wanne si sawa na kikosi mlichokuwa nacho usiku wa Jumamosi. Kiwango cha 1720 cha NFPA, chama cha Marekani cha kujikinga na moto, kilichoandikwa kwa ajili ya vikosi vya kujitolea, kinataka kwa maeneo ya pembezoni mwa mji wafike watu 10 ndani ya dakika 10, angalau mara 8 katika kila 10. Kwa mashamba ni watu 6 ndani ya dakika 14. Mkitaka watu 10 wa mshahara saa zote, zidisha 10 kwa 3.53: ni watu 36, na mishahara peke yake ni dola 3,240,000. Unaona tunavyomkaribia yule bwana wa milioni 4? Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa anauliza, "Ni gharama gani kupata tulichonacho siku zetu nzuri?" Bibi aliuliza, "Ni gharama gani ili gari lisikose kuondoka?" Na bwana wa kwanza aliuliza, "Tuwashukuru kwa kiasi gani?" Hilo nalo ni swali zuri, la kuandikia cheti, si la kuandikia bajeti.

Utasikia pia namba kubwa za jimbo na za taifa zikirushwa mkutanini. Hapa Pennsylvania inayonukuliwa sana ni kwamba wa kujitolea wanaokoa dola bilioni 10 kwa mwaka. Ichukue uipime. Ripoti ya tume ya Baraza la Seneti ya mwaka 2018 ilisema wa kujitolea walikuwa 300,000 hivi miaka ya 1970 na wamebaki 38,000 hivi. Gawa bilioni 10 kwa 38,000. Kila mmoja anaokoa dola 263,000? Hiyo ni zaidi ya mara nne ya mshahara wa yule mzimamoto wa katikati. Ya taifa, inayotajwa na Baraza la Taifa la Wazimamoto wa Kujitolea, ni dola bilioni 46.9. Ukiigawa kwa wa kujitolea 676,900 waliohesabiwa na NFPA mwaka 2020, ni dola 69,000 kwa kichwa. Hiyo angalau inafanana na mshahara, lakini maana yake ni kama vile kila jina kwenye kila orodha lingepewa ajira. Na wewe umeshaiona orodha ya ukutani kwetu.

Sizikejeli namba hizo. Zilitengenezwa ili wabunge wafungue mfuko, na kwa kazi hiyo zinafaa. Kuzibebesha bajeti ya nyumba 4,000 ndiko nisikokukubali.

Kama ningekuwa kwenye kamati yako, ningeanza na daftari la miito, kwa penseli, kama nilivyofanya mimi. Miito ya mchana wa siku za kazi waliofika wangapi? Usiku wangapi? Nabashiri mtakuta ugonjwa uko mchana. Basi nunueni mchana peke yake. Viti vitatu, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni: saa 60 kwa wiki kwa kila kiti, saa 9,360 kwa mwaka kwa vyote. Mwajiriwa wa saa 40 kwa wiki, ukitoa likizo na ugonjwa, anakupa saa 1,840 hivi. Ni watu 5 na saa chache za vibarua. Dola 450,000, au dola 112 na senti kwa nyumba. Kiti cha nne atakikalia mzee fundi bomba, na atafurahi kukuta gari lina watu. Hamtajenga vitanda, mnada wa matope utaendelea, na usiku utabaki kwa wenyewe. Je, itadumu? Miaka kumi labda, au mitano. Orodha inaendelea kuzeeka na hakuna kamati inayoweza kuizuia.

Mtu atasema, "Serikali ya shirikisho ina ruzuku ya SAFER, itatulipia." Ni kweli ipo, na inaajiri watu. Ila ya kuajiri ni ya miaka michache, kwa kawaida mitatu. Ni kama michango ya harusi, baba: watu watakuchangia ukumbi na pilau, ndoa utailisha mwenyewe. Ukiipata, weka mezani siku hiyohiyo bajeti ya mwaka wa nne.

Na tafadhali, kabla ya ripoti kusomwa, mwonyesheni mkuu wa wa kujitolea. Kwenye kikosi chetu mshauri mmoja wa kulipwa aliandika kurasa 80 bila kuzungumza hata na dereva mmoja. Ripoti ilikuwa na picha nzuri. Wiki iliyofuata watu sita walirudisha peja zao mezani kwangu, mimi niliyekuwa sina hata mahali pa kuziweka.

SWALI

Bi Hesabu, habari za huko. Mimi ni diwani mstaafu katika kaunti moja ya Kenya. Tuna gari moja la zimamoto, na masoko yetu yanaungua. Nimesikia Wamarekani wengi wanazimiwa moto na watu wa kujitolea. Je, hii si njia rahisi kwa kaunti maskini? Tungeokoa mishahara yote.

JIBU

Nzuri, mheshimiwa. Mishahara mngeiokoa kweli. Gari je? Bomba la maji la mtaani lenye presha? Nguo za moto, ambazo seti moja kwa bei za hapa inaweza kuzidi dola 4,000? Wa kujitolea na wa mshahara wanaungua vilevile, kwa hiyo vifaa na mafunzo havina bei ya kujitolea. Chile wazimamoto wa miji karibu wote ni wa kujitolea, hata Santiago, mji mkubwa kabisa, tangu kikosi cha kwanza cha Valparaíso mwaka 1851, lakini magari na vifaa serikali inachangia kila bajeti.

Zimamoto, kwa Katiba yenu ya 2010, ni kazi ya kaunti, kwa hiyo swali hili lipo kwenye meza yenu, si ya Nairobi. Mimi ningeligeuza: weka wachache wa mshahara wanaolijua gari, halafu wafundishe vijana wa jukwaa la bodaboda lililo karibu na soko. Wao wapo pale tangu alfajiri, wanajua kila uchochoro na kila kibanda kilichojazwa mitungi ya gesi. Kazi yao iwe kutoa watu, kufungua njia, kuzima umeme na kuonyesha maji yalipo. Kisha hesabu hiki: kijana akiacha abiria kwa saa mbili amepoteza kiasi gani? Mlipe hicho, siku hiyohiyo, na mkatie bima ya ajali. Ukimwambia ajitolee bure, mara ya kwanza atakuja, ya pili atakuja, ya tatu atakuwa na abiria.

SWALI

Shikamoo Bi. Mimi ni Mrundi, naishi Maine. Mume wangu amejiunga na zimamoto ya hapa. Wanasema ni wa kujitolea lakini kila mwito wanampa posho kidogo. Shemeji anasema hiyo ni kazi ya siri na atapata matatizo. Mimi nataka tu kujua kama tuzile hizo hela au tuzirudishe.

JIBU

Marahaba mwanangu. Kuleni. Sheria ya shirikisho inaruhusu mtu wa kujitolea kupewa posho ndogo na akabaki kuwa wa kujitolea, na Idara ya Kazi inatumia kipimo cha asilimia 20: isizidi sehemu hiyo ya kile ambacho mwajiriwa wa kudumu angelipwa kwa huduma ileile. Kama wa kudumu angelipwa dola 60,000, mpaka ni 12,000, na kwa posho ya mwito kwa mwito sidhani kama mume wako ataukaribia. Asichoruhusiwa ni kuajiriwa na mji huo kama mzimamoto kisha ajifanye anajitolea kwa kazi hiyohiyo akimaliza zamu. Ila posho kwa kawaida ni kipato, msiiache nje ya fomu ya kodi bila kuuliza, na mwambie shemeji nimemsalimu.

Kuna jambo hukuniuliza. Mzimamoto wa kujitolea akifariki kazini, familia yake inaweza kupata fidia ya shirikisho ile inayopewa ya mwajiriwa, na vikosi vingi vina bima zao juu ya hiyo. Kwenye bima hizo kuna fomu yenye jina la mrithi. Kesho asubuhi akirudi, kabla hajalala, mwulize ameandika jina la nani. Kwenye kikosi chetu siku nilipozipitia fomu hizo nilikuta watatu walioacha jina la mchumba wa zamani.